Pasipoti ya Mke wa Lusekelo

Jumatatu asubuhi, Mercy akiwa anachambua maharage uani kwa wakwe zake huko Uyole, simu yake ililia. Alikuwa Chileshe, mdogo wake, akipiga kutoka Mpika, Zambia. Mama yao alikuwa amelazwa tangu Ijumaa. Miguu imevimba, chakula hakishuki, na kila akizinduka anauliza swali lile lile, kama Mercy ameshafika. Chileshe hakulia. Alisema tu kwamba daktari amewaambia watoto walio mbali waitwe.

Mpika si mbali kihivyo. Ukitoka Mbeya alfajiri, Tunduma unafika mapema, unavuka mpaka, unapanda basi upande wa pili, na kesho yake unaamka kwenu. Watu wa Uyole wanakwenda mbali kuliko hapo kula pilau la harusi. Tatizo halikuwa njia. Tatizo lilikuwa pasipoti, na pasipoti ilikuwa ndani ya sanduku la bati la mama mkwe, Atuganile, chini ya sare zake za kwaya, na ufunguo wa sanduku ulifungwa kwenye pindo la kitenge alichovaa.

Iliingia humo siku ya tatu tu baada ya Mercy kuletwa, mwezi wa kumi na moja. Atuganile aliiomba kwa upole kabisa, akisema kitu kikubwa kama kile hakikai kwenye begi, panya wa Uyole hawachagui. Mercy akaitoa kwa mikono miwili na kushukuru. Alidhani anatunziwa. Mtu akikufungia mlango huku anatabasamu, unachelewa sana kujua kwamba umefungiwa.

Aliacha maharage, akaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe wake, aliyekuwa anamenya ndizi.

"Mama, mama yangu anaumwa. Naomba pasipoti."

"Pole, mwanangu. Tutamweka kwenye maombi."

"Anaumwa sana. Ananiita mimi."

Atuganile aliendelea na kisu chake. "Mke wa Clement naye aliitwa na mama yake. Aliomba wiki moja. Mpaka leo hiyo wiki haijaisha."

Clement ni mtoto wake wa kwanza. Mkewe alikwenda kwao kuuguza, akaacha watoto wawili, hakurudi tena, na watoto hao wamekuzwa na mgongo wa Atuganile mpaka mkubwa ameota ndevu. Hilo lilimuuma kweli, wala sitamsingizia kwamba alikuwa mwanamke asiye na moyo. Lakini deni la mke wa Clement alikuwa analidai kwa mtu ambaye hata jina la mke wa Clement hakulijua.

"Mimi nitarudi," Mercy alisema.

"Kila mtu anarudi kwa mdomo. Una mimba ya miezi sita, umebeba mtu wetu. Ongea na mume wako."

Mume mwenyewe, Lusekelo, alikuwa Makongolosi, fundi wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Zamani alipokuwa dereva wa lori na kumfukuzia Mercy kule Mpika, walikuwa wanaongea Kiingereza, Kiingereza chao cha mapenzi, kila mmoja akimsamehe mwenzake makosa. Siku hizi akiwa na wenzake alimjibu kwa Kiswahili cha haraka, na Mercy asipoelewa, Lusekelo alicheka pamoja nao. Mercy alipompigia siku hiyo, alimwambia avumilie, mwisho wa mwezi atakuja, watakaa kikao. Ilikuwa tarehe nane.

Baada ya hapo Lusekelo alimpigia mama yake. Mercy hakuambiwa alichosema, mpaka jioni Damari, wifi yake, alipomtangazia akiwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi mkononi: "Kaka amesema usipewe. Sasa usitusumbulie mama yetu na presha yake."

* * *

Kwao Mercy alikuwa karani wa shule. Watoto walimwita Madam, wazazi walivua kofia kwenye dirisha lake. Hapa aliitwa Mzambia. Mzambia lete maji. Mzambia hajui kupika magimbi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miezi minane, na kila alipokosea Damari alirudia kosa lile mbele ya wageni ili nao wafaidi.

Lakini aibu kubwa kuliko zote aliipata siku ya kwanza kabisa. Kwao, mwanamke mwenye adabu akikutana na mkwewe wa kiume anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anamsalimia huku ameinamisha kichwa. Mercy alifundishwa hivyo na mama yake tangu hajajua kusoma. Basi aliposhuka kwenye gari pale Uyole na kumwona Mzee Mwalukasa amesimama barazani, alimwendea moja kwa moja, akapiga magoti miguuni pake, akaanza makofi.

Mzee aligeuza uso ukutani. Wanawake walimrukia Mercy kama waliomwona anakanyaga mtoto, wakamfunika kichwa na khanga, wakamkokota hadi jikoni. Baadhi walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe Wanyakyusa wana adabu yao ya zamani wanayoiita ukutila. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hasemi naye, hatamki jina lake, hapiti alipopita yeye. Familia nyingi za mjini zimeshalegeza, zinasema sisi ni Wakristo na nyumba ni ndogo. Ya Mzee Mwalukasa haikulegeza. Alikuwa mtu anayesifiwa kwa hilo hadi Tukuyu.

Kwa hiyo Mercy aliishi na mtu miezi minane bila kuijua sura yake. Alipewa chumba cha uani. Mzee akitaka kutoka alikohoa mara mbili, naye Mercy alijifunika na kujibanza nyuma ya tangi la maji mpaka apite. Asubuhi, baridi ya Uyole inapong'ata, mzee aliota jua kwenye benchi nyuma ya jiko. Mercy alikuwa ndani ya jiko hilo anapika. Katikati yao palikuwa na ukuta wa tofali moja na matundu ya kutolea moshi.

Na humo jikoni ndimo Mercy alimopumulia. Alizungumza Kibemba. Nani angemwelewa? Alizungumza na sufuria, na ndizi, na tumbo lake. Atuganile akiingia kuonja mchuzi, Mercy alimpokea kwa tabasamu na kumwambia kwa Kibemba, kwa sauti tamu ya kumkaribisha mgeni, kwamba ulimi wake ungefaa kunolea mapanga. Atuganile akajibu, "Ndaga fijo, asante sana." Mercy alicheka siku nzima. Damari alipewa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lusekelo naye alipata yake, kwa kuwa Mercy alijua kuna mwanamke wa kule Makongolosi anayepokea simu yake usiku na kusema amelala. Yote hayo aliyamwaga jikoni, na mengine alimwambia Chileshe kwenye simu huku anasonga ugali. Ilikuwa starehe yake pekee, na sioni wa kumlaumu.

* * *

Jumatano Mercy alimwomba Damari ruhusa ya kwenda kurefusha gauni, akaenda kwa Tekla, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Tekla alikuwa Mhehe wa Ipogolo, Iringa, ameolewa Mbeya huu mwaka wa kumi na mbili, na ndiye mtu pekee aliyekuwa anamsahihisha Kiswahili bila kumcheka. Mercy alimweleza habari ya mama yake. Tekla alisimamisha cherehani.

"Sisi kwetu baba mkwe unamtengea ugali mezani, unamuuliza umelalaje, anakujibu," alisema. "Huku nilipofika nikaambiwa nisimwangalie. Nikamwambia mume wangu, mimi macho yangu nayaweka wapi sasa? Bahati yangu mkwe wangu alikuwa ameshalegezwa na mjini. Wewe umeangukia kwa mzee mwenyewe."

Akamshauri apite tu Tunduma kwa miguu, kwenye uchochoro, kama wanavyopita wengi na vikapu vyao vya nyanya. Mercy alikataa. Alisema yeye aliingia nchi hii kwa mlango, akagongewa muhuri, hatatoka kwa uchochoro kama gunia la magendo, tena na tumbo lile. Tekla alimwona mkaidi. Mimi pia namwona mkaidi, lakini mtu aliyenyang'anywa vyote hukishika kwa nguvu kile kimoja kilichobaki.

"Basi si umwambie mzee," Tekla alisema, akiuma uzi. "Najua huruhusiwi. Nasema tu, maana yeye angekuelewa. Si amekaa huko kwenu?"

"Kwetu wapi?"

"Hukohuko Mpika. Alikuwa mtu wa reli. Mume wangu anasema alikaa miaka kumi na moja, familia akaiacha huku, hata wenyeji wa huko walikuwa wanamdhania wa kwao. Hawakukuambia?"

Mercy alikuwa ameshika ukingo wa meza, na Tekla alidhani ni mtoto anapiga teke, akamsogezea kiti. Mpika. Miaka kumi na moja. Maneno yote ya miezi minane yalimrudia, moja moja: mapanga, majina ya Damari, mwanamke wa Makongolosi, vilio vyake vya asubuhi, siku aliyoliambia tumbo lake kwamba bora mimba isingeingia. Ukuta wa tofali moja. Kwanza aliona aibu, akatamani ardhi immeze. Halafu, akiwa njiani kurudi, aibu ikageuka kuwa tumaini. Kama mzee anaelewa, basi katika nyumba ile kuna mtu mmoja anayejua kila kitu na ambaye Atuganile hawezi kumkatalia. Neno lake moja lingefungua sanduku.

* * *

Alhamisi asubuhi alisikia benchi linalia nyuma ya jiko. Mercy alipunguza moto, akasogea kwenye matundu ya moshi, akakaa chini na mgongo wake ukutani ili asije akamwona. Hata katika shida ile alichunga adabu yao. Akasema kwa Kibemba, taratibu, kama anayesoma barua.

Alisema hasemi na mtu, anasema na ukuta, kwa hiyo hajavunja mila ya mtu. Aliomba radhi kwa matusi ya miezi yote. Alisema mama yake anaitwa Bana Chileshe, yaani Mama Chileshe, anakaa nyuma ya soko la Mpika, aliuza maandazi stesheni miaka mingi, na huenda ukuta ulishawahi kula maandazi yake. Alisema mama anakufa. Alisema pasipoti iko kwenye sanduku la bati na yeye hataki kukimbia, anataka siku nne tu, aende, amshike mkono, arudi kujifungua hapahapa. Aliomba ukuta umwambie mwenye ufunguo.

Upande wa pili benchi likalia tena. Mzee akakohoa mara mbili, akaondoka zake.

Mzee Mwalukasa alikuwa ameelewa kila neno. Ameelewa tangu siku ya kwanza, aliposikia Kibemba jikoni kwake na moyo ukamruka kwa furaha, maana hakuwa amekisikia tangu astaafu. Alilipenda benchi lile si kwa ajili ya jua. Mzaha wa mapanga ulimfanya aume shati lake asicheke. Na maandazi ya yule mama wa stesheni aliyakumbuka pia, ya moto, yamefungwa kwenye gazeti. Alikuwa na siri tamu na hakutaka kuipoteza, maana angekiri kwamba anasikia, wangeuliza amesikia nini, na amesikia tangu lini, na kwa nini mtu wa ukutila anakaa kumsikiliza mke wa mtoto wake kila asubuhi.

Jioni hiyo alikula na mkewe kama kawaida. Atuganile alimweleza kwamba Mzambia analilia pasipoti, na Lusekelo amekataa. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Neno moja tu, baina yake na mke wake wa miaka arobaini, wala mila yoyote ya Kinyakyusa haimkatazi mume kusema na mkewe. Alitafuna ndizi yake. Akasema chumvi imepungua.

Ijumaa Mercy alirudia maombi yake ukutani. Jumamosi hakukuwa na mtu wa kuyasikia, maana mzee alihamishia benchi lake upande wa mbele wa nyumba, ambako hakuna jua.

* * *

Jumapili, watu wakiwa wametoka ibadani, Chileshe alipiga. Mercy aliisikiliza simu mpaka mwisho, akaiweka chini, akakaa kwenye mchanga wa uani, akapiga ukelele uliowatoa majirani majumbani mwao.

Na hapo, bwana, kila kitu kikawa rahisi. Wanyakyusa wanauheshimu msiba, hilo hakuna wa kuwanyima. Ndani ya nusu saa uani palijaa wanawake wa kanisa na maji ya moto na shuka. Walimkanda mgongo. Atuganile alilia machozi ya kweli, akamkumbatia, akafungua pindo la kitenge chake mwenyewe bila kuombwa, akaleta pasipoti na kumwekea mapajani. Lusekelo alituma ujumbe kwamba aende, msiba ni msiba. Clement alikwenda kutafuta gari ya kumfikisha Tunduma kesho alfajiri. Kumwona mama akiwa hai alinyimwa na watu wote wale. Kumzika alisindikizwa nao.

Mercy aliiangalia ile pasipoti kama anayeangalia kiatu cha mtu mwingine. Hakuishika.

Ndipo mzee akakohoa mara mbili. Wanawake walisogea na kumfunika Mercy kwa khanga, wakasimama mbele yake wakawa pazia. Mzee Mwalukasa alikuja akasimama upande wa pili wa pazia, ameupa uani mgongo, amevua kofia. Watu walidhani atatoa pole kwa Kinyakyusa na kumwachia mkewe aifikishe, kama inavyotakiwa. Badala yake alisema kwa sauti ndogo:

"Mwaculeni, mwana wandi."

Ni pole ya Wabemba kwa mfiwa: poleni, mwanangu. Aliitamka vizuri kabisa. Wanawake wale hawakuielewa, walimwona tu mzee amesema kitu cha kumfariji mgeni kwa lugha yake, na mmoja akaguna kwa kumsifu.

Mercy alisimama. Aliitupa khanga. Alipita katikati ya wanawake, akazunguka mpaka mbele ya mzee, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje Mbeya. Alikuta uso wa kawaida, wa mzee aliyechoka, macho yamelowa. Akamwambia kwa Kibemba, bila kupaza sauti:

"Ulinisikia."

Mzee alikunja kofia yake mkononi.

"Alhamisi ulinisikia, na Ijumaa ulinisikia. Mila yenu inakukataza kusema na mimi, sawa, nimeiheshimu, nimekaa nyuma ya tangi kama mwizi miezi minane. Lakini haikukukataza kusema na mke wako. Unakula naye. Unalala naye. Ungemwambia mpe, angenipa. Mama yangu ameniulizia siku tisa. Usinipe pole yako. Pole yako kaile na ndizi."

Damari alikuwa ameshapiga kelele kwamba Mzambia anamfokea baba, tena amemkazia macho. Wanawake wakamshika mikono. Wengine walisema ni uchungu, aachwe. Wengine walisema uchungu si sababu, lile ni kosa la kutakaswa, na kwamba akirudi lazima itolewe fidia ili nyumba isipate balaa. Mzee aliondoka akitembea kwa kuburuza miguu, akaingia ndani. Tekla, aliyekuja na chupa ya chai, ndiye aliyeiokota pasipoti mchangani, akaipangusa kwa upande wa gauni lake, na kumwekea Mercy kwenye begi lake. Alfajiri alimsindikiza mpaka kwenye gari. Mercy alimpa mkono na kumshukuru kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja. Watu wengine wa nyumba hakuwaaga.

* * *

Alimzika mama yake Jumanne. Siku nne zikapita, zikapita kumi. Simu ya Lusekelo ilipokelewa na Chileshe, ambaye alisema kwa Kiingereza cha ofisini kwamba dada yake amepumzika. Wiki ya tatu mimba ikawa ya miezi saba, na Atuganile akaacha kuimba kwaya.

Mwisho wa mwezi Lusekelo alishuka kutoka Makongolosi kwa ajili ya kile kikao. Walikaa sebuleni yeye, mama yake, Clement na Damari, na mzee kwenye kiti chake. Kila mmoja alikuwa na lake. Damari alisema mwanamke alikuwa anatafuta sababu tangu siku nyingi. Atuganile alisema aliwaambia, yeye aliwaambia, ila hakuna anayemsikiliza. Clement alinyamaza, yeye mambo haya alishayapitia. Lusekelo alikuwa amekonda na alionekana mtu aliyeanza kuelewa kwamba mtoto wake atazaliwa na kuitwa jina ambalo yeye hatalichagua. Alitaka kujua kitu kimoja. Kama maneno ya Mercy kwa mzee yalikuwa tusi, ataandaa namna ya kwenda kudai kwa wakwe zake aombwe radhi. Kama hayakuwa tusi, basi ni shitaka, na yeye alitaka kulijua ili aende kulijibu, apige magoti hukohuko Mpika kama itabidi, amrudishe mke wake. Wote waliokuwepo walisikia sauti tu. Aliyesikia maneno ni mmoja.

"Baba," alisema, "siku ile mke wangu alikuambia nini?"

Mzee Mwalukasa aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa mkewe. Akasema Kibemba alishakisahau, ni siku nyingi.